Riba ya AMCOS na kodi ya mapato: mwongozo kamili kwa mhasibu, meneja na bodi

Kwenye taarifa ya benki ya chama cha msingi, riba huja kwa mistari miwili. Wa kwanza unaongeza fedha, wa pili unarudi na kuchukua asilimia 10 kama kodi. Nimekaa na vitabu vya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa mazao, kwa miaka kadhaa, na makosa mengi ya kodi niliyoyakuta yalianzia kwenye mistari hiyo. Kuna mhasibu anayeandika kile kilichobaki tu. Kuna meneja anayeamini benki ikishakata, chama kimemalizana na TRA, Mamlaka ya Mapato. Halafu kuna vyama ambavyo sheria imevisamehe kabisa, lakini vinakatwa mwaka hadi mwaka na havijawahi kudai hata shilingi moja. Hao wa mwisho ndio wanaoniuma zaidi, kwa sababu fedha hiyo ni jasho la mkulima wa korosho, kahawa, tumbaku au pamba, na imepotea bila mtu kuiba.

Mwongozo huu ni wa vyama vya mazao vya Tanzania Bara vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Upande wa kodi tunatembea na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kabla hujaanza, weka mezani taarifa za benki za miezi yote 12, mikataba ya amana za muda maalum, daftari la mikopo ya pembejeo, masharti ya chama, na mihtasari ya mkutano mkuu. Mihtasari inaweza kuonekana haihusiki na riba. Utaona inahusika vipi kwenye hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: jua chama kimesimama wapi mwaka huo

Usianze na riba. Anza na chama chenyewe, maana riba ileile hutozwa kodi kwenye chama kimoja na kusamehewa kwenye chama cha jirani.

Jedwali la Pili la Sheria ya Kodi ya Mapato linaorodhesha mapato yaliyosamehewa, na humo yamo mapato ya chama cha msingi cha ushirika. Msamaha huo una masharti. Chama kiwe kimesajiliwa kwa sheria ya ushirika. Kiwe kinajishughulisha tu na kazi za chama cha msingi, ambazo kwa upande wetu ni shughuli za kilimo pamoja na kutafuta masoko na kusambaza mazao. Na mauzo ghafi yake kwa mwaka yasizidi kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho kilikuwa shilingi milioni 50 hadi mwaka 2020, kilipopandishwa kuwa shilingi milioni 100. Kila mwaka Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai, kwa hiyo iwe desturi yako kila Julai kufungua jedwali hilo na kuona kama namba imeguswa.

Neno "cha msingi" lina uzito. Chama kikuu, ambacho wanachama wake ni AMCOS na si wakulima mmoja mmoja, hakimo kwenye msamaha huu hata kama kinauza zao lilelile kwenye mnada uleule. KNCU, chama kikuu cha kahawa cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, au chama kikuu chochote cha korosho kule Kusini, kinahesabu riba yake kama taasisi nyingine yoyote.

Neno "tu" nalo lina uzito. AMCOS iliyojenga nyumba ya wageni kando ya barabara, au inayokodisha lori lake kwa wafanyabiashara mwaka mzima, imejipa kazi isiyo ya chama cha msingi cha mazao. Mkaguzi wa kodi akiikuta ana hoja ya kusema msamaha wote umeanguka, na ukianguka unaondoka na riba pia. Bodi inayofikiria mradi wa namna hiyo iombe ushauri wa kodi kabla ya kumwaga zege.

Sasa tuje kwenye mauzo ghafi. Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo vyama vingi hujivua msamaha kwa mkono wao wenyewe.

Chukua chama cha korosho kilichokusanya kilo 300,000 kupitia stakabadhi ghalani, mfumo ambao zao hupokelewa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Tuseme mnada umefunga kwa wastani wa shilingi 2,500 kwa kilo. Fedha iliyopita kwa jina la chama ni shilingi milioni 750. Tuseme ushuru wa chama ni shilingi 50 kwa kilo, basi kilichobaki kuwa mali ya chama ni shilingi milioni 15. Je, mauzo ghafi ya chama ni milioni 750 au milioni 15?

Jibu linategemea chama kilikuwa nani kwenye biashara hiyo. Ikiwa korosho ilibaki mali ya mkulima mpaka ilipouzwa, ikiwa bei ikishuka hasara ni ya mkulima, na ikiwa chama kinapata kiasi kilekile kwa kilo hata bei ikipanda mara mbili, basi chama ni wakala. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, hasa IFRS 15, vinasema wakala anaandika ujira wake tu kuwa mapato. Mauzo ya chama hicho ni milioni 15. Lakini kama chama kilinunua zao kwa fedha yake au ya mkopo, kikamlipa mkulima na kumaliza naye, kisha kikauza kwa bei yake na kwa hatari yake, hapo mauzo ni thamani nzima ya zao.

Mhasibu akiandika milioni 750 kama mauzo na milioni 735 kama "gharama za mazao", faida haibadiliki, na ndiyo maana kosa hili halishtui mtu. Ila kwenye karatasi chama kimeruka mstari wa milioni 100 mara saba na nusu. Msamaha umepotea kwa sababu ya namna ya kuandika. Kwa hiyo soma masharti ya chama na fomu anayosaini mkulima ghalani. Jiulize maghala yakiungua usiku kabla ya mnada, nani amepoteza korosho. Jibu hilo liandike kwenye sera za uhasibu za chama, ili mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na ofisa wa TRA wasome kitu kimoja.

Na chama kilicho karibu na mstari? Tuseme ushuru na kamisheni vimefika milioni 97 na riba ni milioni 4. Mimi ningepanga mwaka huo nikiihesabu riba ndani, yaani milioni 101, na kujiandaa kulipa. Kama kiasi kinachobishaniwa ni kikubwa, sheria ya usimamizi wa kodi inamruhusu mlipakodi kuomba uamuzi wa maandishi wa Kamishna Mkuu wa TRA juu ya jambo lake mahususi. Ukishapewa uamuzi huo kwa maelezo ya kweli na kamili, unamfunga Kamishna. Ni njia ambayo vyama vyetu karibu havijawahi kuitumia, na ni bora kuliko kubishana miaka mitatu baadaye.

Hatua ya pili: tafuta kila riba, uiulize imezaliwa na fedha ya nani

Riba ya AMCOS haikai sehemu moja. Ipo ya akaunti ya akiba, ya amana za muda maalum, na ya mikopo ya pembejeo waliyopewa wanachama. Ipo inayolipwa na chama kikuu au SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ambako chama kimeweka fedha, na mara chache ipo ya hatifungani za serikali, yaani fedha iliyokopeshwa serikali. Tengeneza jedwali moja lenye safu za mlipaji, fedha iliyozaa riba, tarehe, kiasi kamili, kodi iliyokatwa, na namba ya cheti. Usitegemee leja pekee. Pitia taarifa za benki mstari kwa mstari. Amana iliyojihuisha yenyewe ilipoiva, riba ikajumlishwa kwenye mtaji, huwa haionekani kabisa kwenye akaunti ya kawaida. Nimewahi kukuta amana ya namna hiyo imelala miaka miwili kwenye chama fulani baada ya meneja kubadilishwa. Hakuna aliyeificha. Ilisahauliwa tu, na riba yake ikasahauliwa nayo.

Safu ya pili ya jedwali, fedha iliyozaa riba, ndiyo yenye uamuzi mzito. Wakati wa msimu, malipo ya mnada huweza kukaa kwenye akaunti ya chama siku kadhaa kabla hayajagawanywa kwa wakulima. Mamia ya milioni yakikaa wiki mbili, yanazaa riba ya kuonekana. Riba hiyo ni ya nani?

Kama umejibu kwenye hatua ya kwanza kwamba chama ni wakala, huwezi kugeuka hapa na kusema fedha ile ilikuwa ya chama. Fedha ya mkulima ikizaa, kwa asili kilichozaliwa ni cha mkulima. Chama kinaweza kuichukua riba hiyo kama sehemu ya ujira wake, lakini kichukue kwa idhini: kifungu kwenye masharti ya chama, au azimio la mkutano mkuu lililoandikwa kwenye muhtasari. Azimio likisema riba ni ya chama, iandike kuwa mapato na uihesabu kwenye kodi. Likisema irudi kwa wakulima, iandike kuwa deni la chama kwa wakulima na uigawe kwa uzito wa kila mmoja kwenye mizani. Kisichokubalika ni ukimya, ambapo riba inaingia kwenye "mapato mengineyo" bila mwanachama hata mmoja kuulizwa. Nashauri azimio hili lipitishwe kabla ya msimu kufunguliwa, wakati bado hakuna anayejua kiasi chake.

Hatua ya tatu: tenganisha riba ya uwekezaji na riba ya biashara

Sheria ya kodi inagawa mapato kwa mafungu: ajira, biashara, uwekezaji. Riba ya amana benki au ya hatifungani ni mapato ya uwekezaji. Riba ya mikopo ya pembejeo iliyotolewa kwa wanachama kama sehemu ya kazi ya kila msimu inaungana na biashara ya chama.

Kwa kuwa kiwango cha kodi kwa taasisi ni kilekile cha asilimia 30 kwa mafungu yote mawili, utajiuliza kwa nini kuhangaika. Sababu ni hasara. Hasara ya uwekezaji haikubaliwi kupunguza faida ya biashara. Na gharama pia zinafuata fungu lake, kama tutakavyoona. Fungua akaunti mbili kwenye leja tangu Januari, si Desemba wakati wa kufunga hesabu.

Hatua ya nne: andika riba kamili, na uiandike mwaka wake

Riba kamili ni ile kabla ya benki kukata chochote. Benki ikionyesha 5,400,000 imeingia, na 600,000 ilikatwa kama kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kulipa, mapato ya chama ni 6,000,000. Ile 600,000 haikuwa gharama. Ni kodi ambayo chama kimeshailipa kupitia mkono wa benki, kwa hiyo inakaa kwenye mizania kama dai la chama kwa TRA mpaka itakapotumika.

Kuhusu wakati, AMCOS ni taasisi, na taasisi hukokotoa kodi kwa msingi wa mapato kustahili, si fedha kupokelewa. Amana ya shilingi milioni 30 kwa asilimia 8 iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa mwaka mmoja italipa 2,400,000 Septemba inayofuata. Hata hivyo miezi mitatu ya mwanzo imeshaangukia mwaka huu wa kodi. Shilingi 600,000 ni mapato ya mwaka huu, na 1,800,000 ni ya mwakani. Kodi ya zuio ya 240,000 itaonekana kwenye cheti kimoja cha mwakani. Weka karatasi ya upatanisho inayoonyesha mgawanyo huo, la sivyo riba ya ritani (taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa TRA) na riba ya vyeti hazitalingana, na mfumo wa TRA utauliza.

Hapa kuna jambo jingine linalosahaulika. Mwaka wa kodi ni wa kalenda, Januari hadi Desemba. Chama kinachofunga hesabu kwa msimu wa zao na kutaka kutumia tarehe hizo kwenye kodi kinapaswa kuwa na kibali cha Kamishna. Bila kibali, TRA inahesabu Desemba, hata kama mkutano mkuu umepokea hesabu za tarehe nyingine.

Hatua ya tano: shughulikia asilimia 10 ya benki

Mkazi anayelipwa riba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kwa mtu binafsi mwenye akiba yake benki, isiyo ya biashara, makato hayo ndiyo mwisho wa kodi. Kwa chama si mwisho, ni malipo ya awali. Imani kwamba "benki imeshakata" imetoka kwa akaunti za watu binafsi ikahamia ofisini, na ofisini haina nafasi.

Chama ambacho hakina msamaha hakina la kubishana na benki. Kazi yake ni kukusanya cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo. Bila cheti, dai lako ni maneno. Omba cheti mwezi uleule, na uhakikishe jina la chama na TIN, namba ya mlipakodi, vimeandikwa sawasawa. Cheti chenye jina la chama jirani lenye maneno yanayofanana, au chenye TIN ya meneja binafsi, ni kazi ya miezi kurekebisha.

Chama chenye msamaha kiko kwenye hali ngumu kidogo. Sheria inasema malipo ambayo ni mapato yaliyosamehewa hayakatwi kodi ya zuio. Tatizo ni kwamba msamaha wenyewe unategemea mauzo ya mwaka mzima, na benki inalipa riba mwezi Aprili. Benki haiwezi kujua chama kitafunga mwaka na kiasi gani, na ikikosea kutokata inadaiwa yenyewe. Kwa hiyo itakata, isipokuwa iletewe uthibitisho kutoka TRA.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kwenda ofisi ya TRA ya wilaya au mkoa mwanzoni mwa mwaka, ukiwa na cheti cha usajili cha chama, masharti ya chama, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita na makisio ya mwaka unaoanza yaliyoidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika, kisha uombe barua ya kuthibitisha hadhi ya chama kwa ajili ya benki. Makisio ni ushahidi mzuri hapa, kwa sababu ofisi nyingine ya umma imeshayapitia. Njia ya pili, ukiwa umeshakatwa, ni kuidai ile asilimia 10 kwenye ritani kama kodi iliyolipwa dhidi ya kodi ya sifuri, kisha kuomba ziada irudishwe au ihamishiwe kwenye deni jingine la kodi la chama. Amana ya shilingi milioni 40 kwa asilimia 9 inazaa 3,600,000, na makato ni 360,000. Kwa chama cha kijiji hiyo ni mizani ya kupimia inayofanyiwa matengenezo.

Hatua ya sita: gharama zipi zinapunguza riba

Gharama inayokubalika ni ile iliyotumika yote, na kwa ajili tu ya kupata mapato hayo. Kwa riba ya amana, orodha ni fupi: ada za benki za amana yenyewe, na kama amana ilitokana na mkopo, riba ya mkopo huo. Kupakua asilimia 20 ya mishahara na kuiweka kwenye fungu la riba kwa sababu "meneja ndiye aliyeenda benki" hakusimami. Mishahara, posho za bodi, ulinzi wa ghala na gharama za mkutano mkuu ni za biashara.

Na gharama zilizozaa mapato yaliyosamehewa hazikubaliki kabisa. Hili linagusa chama kilichokuwa na msamaha mwaka jana na hakina mwaka huu. Huwezi kuvuta gharama za mwaka wa msamaha zije zipunguze kodi ya mwaka usio na msamaha.

Hatua ya saba: kokotoa

Tuchukue chama kisicho na msamaha. Ushuru na kamisheni ni 140,000,000. Gharama halali za biashara ni 121,000,000. Riba kamili ya amana ni 6,000,000, na benki ilikata 600,000.

Faida ya biashara ni 19,000,000. Ongeza riba, jumla 25,000,000. Asilimia 30 yake ni 7,500,000. Ondoa 600,000 ya vyeti vya benki, inabaki 6,900,000. Kama chama kililipa makadirio, yaani kodi ya mwaka inayolipwa mapema kwa awamu, ya 1,500,000 kwa kila robo mwaka, yaani 6,000,000, salio la kulipa ni 900,000.

Sasa tazama makosa mawili ya kwenye utangulizi yanavyogharimu kwa namba hizihizi. Mhasibu anayeandika riba iliyobaki, 5,400,000, na kusahau vyeti, anapata jumla ya 24,400,000 na kodi ya 7,320,000. Chama kimelipa zaidi kwa 420,000, na hakuna atakayekirudishia asipoomba. Yule anayedhani benki imemaliza, akaiacha riba nje ya ritani, anapata kodi ya biashara peke yake, 5,700,000. Amepunguza 1,200,000, ambayo ni ile asilimia 20 iliyobaki juu ya riba. TRA ikiigundua, na ni rahisi kuigundua kwa kuwa benki imeshataja jina la chama kwenye taarifa zake za makato, deni linakuja na riba ya kuchelewa pamoja na adhabu.

Hatua ya nane: makadirio na ritani

Makadirio ya kodi ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na kulipwa kwa awamu nne, kila mwisho wa robo mwaka. Weka riba ndani ya makadirio. Ukishafungua amana ya mwaka mmoja, riba yake unaijua hadi shilingi ya mwisho, tofauti na ushuru unaotegemea mvua na mnada. Hali ikibadilika, makadirio yanaweza kurekebishwa kabla mwaka haujaisha. Chama kilichopata mavuno mabaya kisiendelee kulipa kwa makadirio ya Machi kana kwamba yameandikwa kwenye jiwe.

Ritani ya mapato hutolewa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Kwa mwaka wa kalenda, mwisho ni tarehe 30 Juni, na salio la kodi hulipwa kwa tarehe hiyohiyo. Kwa taasisi, ritani huandaliwa au kuthibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kwa hiyo tenga bajeti yake kwenye makisio. Chama chenye msamaha nacho kiwe na TIN, vitabu na ritani. Msamaha unaonekana kwenye ritani. Bila ritani TRA inaona chama kilicho kimya chenye riba benki, na ofisa anaweza kutoa tathmini kwa makisio yake mwenyewe.

Hatua ya tisa: chama kinapokuwa mlipaji wa riba

Upande huu ni mfupi lakini una mtego. Riba ambayo chama kinailipa benki kwa mkopo wa pembejeo haikatwi kodi ya zuio, kwa sababu benki ni taasisi ya fedha mkazi. Lakini chama kikilipa riba kwa wanachama walioweka amana zao, au kwa chama kikuu kilichokikopesha, chama ndicho kinachopaswa kukata asilimia 10, kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na kumpa aliyekatwa cheti. Msamaha wa chama haumfuati mwanachama. Na usipokata, TRA inakidai chama chenyewe.

Hatua ya kumi: tathmini ikija usiyokubaliana nayo

Ofisa akiandika kwamba mauzo ghafi ni thamani nzima ya korosho, au kwamba riba ya fedha za wakulima ni mapato ya chama, una siku 30 tangu kupokea tathmini kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Siku hizo hazisubiri kikao cha bodi cha robo mwaka, hivyo bodi impe meneja mamlaka mapema. Pingamizi linapokelewa baada ya kulipa kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, chochote kilicho kikubwa. Kamishna anaweza kupunguza au kusamehe malipo hayo kwa sababu nzuri, ila ombi lieleze hali ya fedha ya chama kwa namba.

Kilichomo ndani ya pingamizi ni karatasi ulizozitayarisha kwenye hatua za mwanzo. Weka ukurasa wa sera ya uhasibu unaosema chama ni wakala, na fomu ya ghalani aliyosaini mkulima. Ambatisha kifungu cha masharti ya chama, azimio la mkutano mkuu juu ya riba ya malipo ya mnada pamoja na orodha ya mahudhurio, jedwali la riba lenye namba za vyeti, na orodha ya malipo inayoonyesha fedha ya mnada ilivyotoka kwenda kwa kila mkulima. Uamuzi wa pingamizi usiporidhisha, shauri linakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani kwa hoja za sheria. Nyaraka zote zihifadhiwe miaka mitano, kwenye kabati la chama lenye kufuli na kwa jina la chama. Meneja akihama, akabidhi jalada la kodi kwa maandishi siku ileile anayokabidhi funguo za ghala.